Hospitali ya kufundishia katikati ya jiji: mita 4.2 slabu hadi slabu (sakafu hadi sakafu ya juu yake) zinatosha theata (vyumba vya upasuaji)?

JengoImara
Wakuu, naomba mawazo. Hospitali ya chuo kikuu, Dar, kiwanja mita 70 kwa 55, barabara pande mbili. Chini ghorofa nne pana (dharura, picha, ICU yaani wagonjwa mahututi, theata 8), juu yake mnara wa wodi ghorofa 9. Mteja anataka mita 4.2 kila ghorofa. Slabu na boriti vinakula sm 70. Dakti (mifereji ya hewa) zitapita juu ya theata? Na MRI (mashine ya picha kwa sumaku) niiweke wapi?

FundiHewa
Hazipiti. Theata ya mita 6.5 kwa 6.5, dari mita 3, ni kama m³ 127. Hewa ibadilishwe mara 20 kwa saa: m³ 2,540. Dakti moja ikilisha theata tatu kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde, inataka mm 800 kwa 450. Ongeza insulesheni (kizuia joto) mm 50 juu na chini, unafika 550. Wewe kwenye 4.2, ukitoa 0.7 ya boriti na 3 za dari, umebakiwa na 500, na bado hujapitisha mabomba ya oksijeni, spirinkla za kuzimia moto wala nyaya.

Mafundi wakikosa nafasi wanakandamiza insulesheni, na kwa unyevu wa Dar dakti inatoa jasho na kudondosha maji darini. Ukitaka theata nyuzi 20 na unyevu asilimia 60, hewa lazima ipoozwe hadi nyuzi 12 hivi ili maji yatoke, kisha ipashwe tena kidogo. Kiyoyozi cha ukutani hakiwezi kazi hiyo.

Ramani_Kali
Naongezea: juu ya theata zako kuna vyoo vya wodi! Bomba la maji machafu likivuja, umefunga theata. Theata zikae ghorofa ya juu ya zile nne, kisha weka ghorofa ya mitambo kabla ya wodi. Dakti zinashuka wima moja kwa moja hadi kisanduku cha chujio juu ya kila kitanda, na mabomba ya vyoo yanakusanywa hapo na kuhamishwa pembeni.

Urefu unaupata kwenye wodi: ukizishusha kutoka 4.2 hadi 3.8, mara 9, umeokoa mita 3.6. Ndiyo ghorofa yako ya mitambo, jengo halijapanda hata sentimita. McMaster kule Hamilton, Kanada (Eberhard Zeidler, 1972) waliweka nafasi ya mitambo kati ya ghorofa na ghorofa. Kwa bajeti zetu moja inatosha. Ila matundu ya slabu yachorwe kabla ya kumwaga zege. Kutoboa baadaye ni kukutana na nondo za boriti.

JengoImara
Hiyo ya 3.8 mteja ataikubali. MRI je?

Ramani_Kali
Chini kabisa, mbali na lifti na njia ya magari. Chuma kinachotembea kinavuruga picha. Bomba la kutolea heliamu (inayopooza sumaku) liende nje mahali pasipopita watu. Ukuta mmoja uwe wa kufunguka, sumaku ya tani kadhaa haipiti mlangoni. Sakafu iinuke juu ya barabara, na jenereta isikae besimenti, mvua za masika unazijua.

FundiHewa
Lifti za vitanda: kilo 2,500, ndani mita 1.8 kwa 2.7. Ndogo ya hapo, mgonjwa wa ICU anaingia, ventileta (mashine ya kupumulia) na muuguzi wanabaki nje.