Imrani anaganda

Kikundi: UKOO WA NGAMIANI 🌴
Jumamosi jioni

Mama Imrani: Assalam aleikum wote. Shikamoo mama, shikamoo ami. Kuna jambo linanikosesha usingizi, naomba mawazo yenu.

Ami Salehe: Waaleikum salaam. Marahaba mwanangu. Sema.

Mama Imrani: Ni Imrani. Siku hizi anaganda. Leo asubuhi kashika andazi, ananisimulia mpira wa jana, mara katikati ya neno kimya. Macho ukutani, kope zinachezacheza. Namwita wee, hasikii. Nampitishia mkono usoni, hana habari. Kisha kazinduka, kaendelea na stori yake palepale alipoishia! Na andazi halijamtoka mkononi.

Mwajuma: Wifi hata kwangu kafanya hivyo juzi, nikaona ananiletea kiburi 😕

Mama Imrani: Mwalimu kaandika kwenye daftari "hasikilizi, anaota mchana". Chuoni nako ustadhi anasema anakatika katikati ya aya. Kashachapwa kwa hilo.

Ami Salehe: Miaka saba huyo, akili yote iko kwenye mpira. Na simu mnampa mno. Ataacha tu.

Mwajuma: Ami, anayewaza mpira ukimgusa bega si anashtuka? Huyu hashtuki.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Mwajuma: Kwa wasio na bando: Bibi anasema hilo ni dege, ila limekuja kimyakimya. Anakumbusha Imrani alipatwa na degedege kabla hajaachishwa ziwa. Zamani wakifukizwa mavi ya tembo. Na anasisitiza ASICHOMWE SINDANO, mtoto mwenye dege akichomwa sindano anakufa.

Mama Imrani: Ndiyo maana naogopa jamani. Zahanati moja nilikompeleka wameniandikia dawa ya malaria bila hata kumtoboa kidole. Na mtoto hana homa!

Mamdogo Saumu: Pole mwanangu. Jirani yangu hapa Makorora mwanawe ana kifafa, anameza vidonge na anaendelea vizuri. Nimwombe vichache tumjaribu Imrani?

Dada Rehema: SUBIRINI. Ndio kwanza natoka zamu. Mamdogo, shikamoo, lakini vidonge vya jirani visimguse mtoto.

Mamdogo Saumu: Marahaba. Haya nesi wetu, tuelekeze.

Dada Rehema: Wifi nijibu kwanza. Anaganda kwa muda gani? Anaanguka? Anatupa mikono? Akizinduka anakuwa mchovu, anataka kulala? Siku nzima mara ngapi?

Mama Imrani: Muda mfupi, hata kumi sifiki nikihesabu. Haanguki. Halali, anaendelea kama hakuna kitu. Ukimuuliza anasema "sikuganda mama". Mara ngapi sijui, siku nyingine naona nyingi tu.

Dada Rehema: Sasa nisikilizeni. Sisi tukisikia kifafa tunawaza mtu kaanguka, povu, miguu inapiga. Hiyo ni aina moja tu. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogomdogo, na kipo kifafa ambacho umeme huo ukivurugika mtoto anakatika sekunde chache tu, kama taa inavyozima na kuwaka, na haanguki. Huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi kumi. Anaweza kukatika mara nyingi sana kwa siku, na kila mtu akamwita mvivu. SIJASEMA anacho. Nasema aonwe na daktari wa watoto, siyo duka la dawa.

Baba Imrani: Ndio nimeingia, nilikuwa zamu ya kiwandani Pongwe. Kifafa? Kwetu hakuna mwenye kifafa.

Dada Rehema: Kaka, wengi wenye kifafa hawana ndugu mwenye nacho. Wala si mate wala kugusana, hakiambukizi.

Baba Imrani: Na nikisikia watu wa kifafa wanapelekwa kliniki ya afya ya akili. Mwanangu si chizi.

Dada Rehema: Si chizi, na hakuna aliyesema. Kwenye hospitali zetu nyingi dawa za kifafa zinatolewa kliniki hiyo kwa sababu ndiko waliko wanaozijua. Ukilikimbia jina la mlangoni, anayebaki anaganda ni Imrani.

Ami Salehe: Hapo kasema kweli. Baba Imrani nenda.

Mwajuma: Bibi anauliza, je degedege lile la zamani ndilo limemletea?

Dada Rehema: Mwambie mama, degedege la homa huwapata watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, na walio wengi linaisha, hawapati kifafa. Ila daktari aambiwe. Na sindano haimuui mtoto mwenye degedege. Watoto walikuwa wanaletwa wameshazidiwa baada ya kufukizwa siku mbili, wakifia mkononi mwa nesi lawama inakwenda kwa sindano. Nimeyaona wodini.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Mwajuma: Anasema "haya mwanangu, nyie ndio mliosoma" 😂

Mamdogo Saumu: Lakini Rehema vile vidonge si vinatibu kifafa hichohicho?

Dada Rehema: Hapana mamdogo. Dawa ni nyingi na kila aina ina yake. Kwa mfano kabamazepini, nzuri kabisa kwa wengine, lakini mtoto wa kuganda hivi inaweza kumzidishia. Na huyo mwana wa jirani akipungukiwa dozi kwa kutugawia, ataanguka yeye.

Mamdogo Saumu: Ah! Basi nimeacha.

Mama Imrani: Wifi, daktari atanielewa? Nikimpeleka anakuwa mzima wa afya, anacheka.

Dada Rehema: Ndiyo maana nataka VIDEO. Simu iwe karibu wakati wa chai na wa kusoma. Akiganda, rekodi uso wote na mikono, mwite jina ili sauti yako isikike, usikate mpaka azinduke. Daktari mwingine akiona hiyo anajua nusu ya kazi imekwisha. Andika pia saa na alichokuwa anafanya.

Dada Rehema: Jumatatu asubuhi nendeni hospitali ya Bombo mkaulize daktari wa watoto. Huenda akamwambia apulizepulize pumzi kwa nguvu dakika kama tatu, wengi wa aina hii huganda palepale mbele yake. Msimjaribishie nyumbani.

Baba Imrani: Na kile kipimo cha kichwa?

Dada Rehema: Cha umeme wa ubongo. Wanabandika nyaya kichwani, haziumi, zinasoma tu, hazimpi umeme. Muhimbili wanacho, daktari ndiye atakayesema kama kuna haja. Na jueni kikitoka safi peke yake hakimaanishi hana.

Ami Salehe: Na baharini? Kila Jumapili namchukua Raskazone.

Dada Rehema: Ami nilitaka kufika huko. Asiingie majini bila mtu mzima wa kumshika mkono. Akiganda hata maji ya kifuani yanatosha kumzamisha. Miembe asipande, na asikae karibu na jiko la mkaa.

Dada Rehema: Na SIKU akianguka na kutupa miguu: mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kijiko mdomoni, msimbane, angalieni saa. Zikipita dakika tano, hospitali. Na asiwepo wa kusema "mwenye kifafa akiungua hatapona tena" akaogopa kumvuta motoni. Ni uongo ule.

Ami Salehe: Ustadhi nitaongea naye mwenyewe kesho baada ya alasiri. Fimbo ikome.

Baba Imrani: Nimebadilishana zamu. Jumatatu naenda nao.

Jumapili, saa 1:40 asubuhi

Mama Imrani: 📹 Video (0:31)
Nimempata! Anakunywa chai.

Dada Rehema: Nimeiona. Umerekodi vizuri mno. Ibaki kwenye simu yako hivyohivyo, usiikate. Hapa ifute wifi, mtoto asije akasambazwa mtaani.

🚫 Ujumbe huu umefutwa

Ami Salehe: Mie ndio nafungua data. Imekwenda wapi?