Naomba ushauri: mfuko wa dharura kwa tusio na mshahara

Ndugu zangu, habari zenu. Mimi ni mmoja wa kikundi cha mafundi na wachuuzi, na nimepewa jukumu la kuandaa mpango wa kujikinga likizuka tena janga kama la UVIKO-19.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa saa za kazi zilizopotea mwaka 2020 zilikuwa sawa na ajira milioni 255 za muda wote. Benki ya Dunia nayo ilikadiria kuwa watu wapatao milioni 70 walitumbukia kwenye umaskini uliokithiri mwaka huohuo.

Kinachoniumiza zaidi ni namna mtu alivyoporomoka. Fundi aliyekosa wateja alikula akiba, kisha akakopa, mwisho akauza cherehani. Vizuizi vilipoondolewa wateja walirudi, naye hana cha kushonea! Ndiyo maana nashikilia kwamba tulinde vitendea kazi kwanza.

Sasa naombeni mawazo. Mfuko utoe mkopo usio na riba, au posho ndogo ya kila wiki isiyorudishwa? Mikopo naiogopa, maana janga hutupiga wote kwa wakati mmoja, basi nani atarejesha? Halafu pesa tuziweke benki au kwenye simu, ikiwa kutoka nje kunaweza kupigwa marufuku?

Mliowahi kuendesha mfuko wa aina hii kipindi kile, mliamuaje nani apewe kwanza?