Eti "toa inzi wako njiani, ndege zinataka kupaa"! Nani kakupa uwanja wewe?

Mleta mada:
Wakuu, simtaji, mnamjua. Ile ndege yake ya rimoti, lidude la petroli la cc 50, mabawa mita 2.2, linaletwa na Hiace kama msiba. Leo asubuhi, mbele za watu wote, kaikuta ndege yangu ya rimoti, ya povu, mabawa mita 1, kwenye nyasi, akatamka: "Toa inzi wako njiani, ndege zinataka kupaa." INZI!

Inzi huyo ana gramu 400 na betri ya seli 3, mAh 1300. Unamrusha kwa mkono, kazi imekwisha. Yeye nusu saa nzima anafunga boliti za mabawa, anachomeka waya za servo (vimota vya usukani), anapima betri ya risiva (kipokea mawimbi ya rimoti), anapima ya ignisheni (cheche za plagi), anazungusha propela ya inchi 22 mpaka bega linateguka. Likija kuwaka, kusi limeshachachamaa. Halafu mimi ndiye mwenye INZI?

Kilo 7 kwenye bawa la desimita za mraba 75 ni gramu 93 kwa kila desimita ya mraba. Inzi: 400 kwa 16, gramu 25. Lake lisipokimbia karibu mara mbili ya langu, linadondoka. Mbele za watu, jamani!

Propela Butu:
Povu lililokutoka limezidi la ndege yako 😂😂

Kamanda cc:
Inzi ni inzi. Upepo wa km 20 kwa saa, hiyo gramu 400 inarushwarushwa. Kubwa inapita imetulia kama basi la mkoani. Na ikifika mita 150 hujui tena kama inakuja au inaondoka.

Mzee wa Servo:
Kamanda, kilo 7 kwa mita 25 kwa sekunde ni karibu jouli 2,200. Inzi kwa mita 12 ni 29. Ukigongwa na inzi unapaka barafu, ukigongwa na kubwa tunachangia mazishi. Seti risiva ikikosa mawimbi ya rimoti ishushe throto (mafuta ya injini) na kukata ignisheni. Ijaribu chini: mtu ashike ndege, injini taratibu, zima rimoti.

Nai Juu:
Nyinyi wa pwani mnadeka. Hapa Nairobi, mita 1,700 na ushee, hewa imepungua kama asilimia 15, injini nayo inapungua hivyo hivyo. Kubwa au ndogo, zote zinatua mbio.

Fundi Gundi:
Acheni inzi. Kuna mtu humu anashauri supaglue kwenye povu jeupe. Mods (wasimamizi wa jukwaa), mfungieni! Inalitafuna mpaka linabaki shimo. Epoksi ya dakika 5, basi.

Mleta mada:
Jamani, kasema INZI.

Mzee wa Servo:
@Fundi, epoksi kidogo lakini. Gramu 10 mkiani zinadai kama 30 puani, maana mkia uko mbali na kitovu cha uzito. Kitovu kikipita theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, ndege inapaa ikitazama mbingu, inapinduka.

Propela Butu:
Oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) mnachanganya petroli 32 kwa oili 1, au 40?

Kamanda cc:
Injini mpya 32, yaani mililita 31 kwa lita ya petroli. Ikishalainika, 40, yaani mililita 25.

Mleta mada:
Mbele za watu...

Propela Butu:
Shukrani mkuu. Na plagi?