Kukuza maandishi ya tovuti: faili ya userContent.css au kiendelezi cha Stylus?

Mwalimu wa Njoro
Hamjambo wanajukwaa. Macho yangu hayawezi tena maandishi madogo ya kijivu, na kila jioni nikisoma mtandaoni hulazimika kukuza ukurasa mzima hadi safu za jedwali zinatoka nje ya kioo. Nataka herufi peke yake zikue. Nasikia kuna njia ya faili na njia ya kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari. Ipi inafaa kompyuta ninayoitumia peke yangu?

Fundi wa Kondele
Mwalimu, kwa hali yako mimi nachagua faili, tena ndani ya Firefox. Andika about:support kwenye sehemu ya anwani, uingie kwenye folda ya wasifu wako (panapohifadhiwa mipangilio yako ya Firefox), utengeneze humo folda iitwayo chrome kwa herufi ndogo (haihusiani kamwe na kivinjari cha Google), na ndani yake uhifadhi faili ya userContent.css yenye mstari huu:

p, li, td { font-size: 20px !important; color: #000 !important; }

Tangu toleo la 69 la mwaka 2019, Firefox haiisomi faili hiyo mpaka uingie about:config na kuipa toolkit.legacyUserProfileCustomizations.stylesheets thamani ya true, kisha ukifunge kivinjari na kukifungua upya. Ninaipendea jambo moja hasa: kwa kanuni za CSS (lugha ya kupanga sura ya kurasa), !important (alama ya kulazimisha agizo) ya msomaji huishinda hata !important ya mwenye tovuti.

Mkutubi, Kakamega
Nguvu hiyo siipingi, ndugu Fundi, lakini kufungua kivinjari upya kwa kila badiliko humchosha mtu ambaye bado anajaribu vipimo. Stylus huonyesha badiliko papo hapo, na hufanya kazi hata kwenye Chrome, ambayo iliacha kusoma faili ya mtumiaji mwaka 2014. Msiichanganye tu na Stylish, kiendelezi kingine kilichoondolewa kwenye maduka ya viendelezi mwaka 2018 baada ya kubainika kwamba kilikusanya historia ya kurasa walizotembelea watumiaji wake.

Fundi wa Kondele
Hiyo ndiyo sababu ninayoishikilia faili, dada. Kiendelezi cha aina hii kwa kawaida huomba ruhusa ya kufikia kila ukurasa, hata ule wa benki, ilhali faili haina wa kumpelekea habari.

Mwalimu wa Njoro
Nimefuata njia ya faili. Mwanzoni hapakubadilika kitu, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imeficha mkia wa jina na kumbe nilihifadhi userContent.css.txt. Nilipoufuta mkia huo, herufi zilikua na jedwali likabaki ndani ya kioo. Imebaki shida moja: kwenye tovuti yenye usuli mweusi maandishi yametoweka.

Mkutubi, Kakamega
Ni kwa sababu umelazimisha herufi nyeusi bila kugusa usuli, Mwalimu. Rangi hizo mbili huwekwa pamoja. Ongeza background: #fff !important; kabla ya mabano ya kufunga.

Mwalimu wa Njoro
Yameonekana. Asanteni sana.