Fundi kaniambia eti ninayetetemeka ni mimi, sio gari!!!

LoshoroMoto: Wakuu nina hasira mpaka vidole vinagonga herufi mbili mbili. Yule fundi wa mtaa wa Unga Ltd hapa Arusha mnamjua, yule wa ovaroli ambayo ukiivua inasimama yenyewe, leo kanidhalilisha kweupe.

Gari ni Toyota Mark II GX100, ile tunayoiita baluni, ya 1998, otomatiki. Ukielekea Moshi ukishapita Kikatiti ukakaa 70 hivi, mafuta umeyagusa tu, inatetemeka kama uko juu ya rasta na lami imenyooka. Ukikanyaga inaacha, ukiachia inaacha. Nikamweleza yote. Akasema plagi, nikanunua sita. Akasema maunti za injini, nikanunua. Leo nimerudi, kaendesha mita mia mbili kwenye yale mashimo, spidi ya mkokoteni wa ndizi, akashuka, akafuta mikono na kitambaa kichafu kuliko mikono, akasema: "Mzee, gari haitetemeki. Unatetemeka wewe. Kapime presha."

Mzee! Nina miaka 34! KAPIME PRESHA! Mama ntilie kamwaga mchuzi kwa kucheka, dogo wa kuosha magari akaja kunishika mkono eti nisianguke. Plagi sita halafu kapime presha!

Mtori_Kibosho: Kwani ulipima?

Stiki: Mkuu punguza hasira, hiyo inanukia lokapu ya toki konveta, yaani klachi iliyo ndani ya konveta, kati ya injini na giaboksi ya otomatiki, inayojifunga ukishashika spidi. Ikianza kutetemeka gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta, hakikisha nyuma hamna gari. Ikitulia hapohapo ndo yenyewe, maana ukigusa breki lokapu inaachia. Halafu chomoa stiki ya giaboksi, oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mwaga, weka aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari sio ya dukani kwa jirani. Ukimwaga mara moja nyingi inabaki ndani ya konveta, kwahiyo rudia baada ya siku kadhaa. Ikigoma, konveta ndo imechoka. Kwenye mashimo ya Unga Ltd asingeiona hata angezunguka wiki, lokapu haishiki kwa spidi ile.

LoshoroMoto: Asante ila umesoma pale pa presha? Mbele ya mama ntilie!

Stiki: Nimesoma. Gusa breki.

BodaSakina: Wewe presha tu unalia, mimi fundi cherehani kanishonea suruali ya harusi mguu mmoja wangu mwingine wa darasa la nne, nikamuuliza akasema "utazoea". Nimeingia kanisani nachechemea mpaka mchungaji kaniwekea mikono.

Mtori_Kibosho: 😂😂 Arusha mafundi hamna, leteni magari Moshi.

BodaSakina: Moshi ipi? Huko Desemba kuziba pancha bei ya mbuzi.

KwaSadala: Mbuzi mmemtaja vibaya, juzi nimetajiwa bei nikadhani muuzaji ananiuzia na zizi.

Mtori_Kibosho: Uliangukia kwa dalali. Nenda mwenyewe mnadani asubuhi.

LoshoroMoto: Wakuu uzi ni wa gari

KwaSadala: Mzee tulia, presha. Mtori, nahitaji wawili wa Krismasi.

Mtori_Kibosho: Ninao, beberu.

LoshoroMoto: Beberu ana kilo ngapi?