Mjadala: Je, Kiingereza cha mkato kinawaharibu wanafunzi wetu walioko ng'ambo?

Mwalimu mstaafu, Langoni, Lamu: Nauliza baada ya mjukuu wangu kunionyesha mazungumzo ya simuni ya wenzake wanaosoma Malaysia, Uturuki na Uingereza. Vijana hawa walikesha wakijiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao alama yake ya juu kabisa ni 9, lakini leo mmoja anaandika "u" mahali pa "you", na mwingine amemwita binti "he" mara tatu katika sentensi mbili. Kiingereza hicho sikitofautishi na cha vijana wanaopakia watalii mashuani pale gatini. Je, mazoea haya hayatawafuata hadi kwenye tasnifu?

Nahodha, Shela: Mwalimu wangu, shikamoo. Ulinifundisha darasa la sita na ningali nakuheshimu, lakini hapo kwenye mashua umenigusa. Kwa Kiingereza hichohicho nimesomesha watoto watatu. Nikimwambia mgeni kwamba maji yakipwa tutakwama kwenye mikoko hadi magharibi, huacha samaki wake nusu na kupanda chomboni mbio. Hiyo sarufi ingemharakisha zaidi?

Mwalimu mstaafu: Marahaba, nahodha. Sikusema ni kibaya, nilisema sikitofautishi.

Nahodha: Na sote tumeelewa ulichokusudia, mwalimu, ijapokuwa hukukisema.

Mwanafunzi, Uingereza: Shikamooni wazee wangu. Nadhani aliyeandika "he" ni mimi. Sisi tuna "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke. Mturuki ninayezungumza naye ana "o" yake, na Mwindonesia ana "dia", kwa hiyo usiku tukiandikiana kwa haraka hakuna hata mmoja wetu anayeliona kosa. Kazi ya chuo naisoma mara mbili na kulisahihisha. Lililonitia aibu halikuwa la sarufi. Mwenzangu Mwingereza aliandika kwamba ameteleza ngazini, nami nikamjibu "sorry, sorry", kama tusemavyo pole, naye akaniuliza nimemfanyia nini. Hilo hakuna mtihani ulionifunza.

Mkaazi wa Mkomani: Tusiwalaumu watoto. Mkato uliletwa na simu, kwa sababu ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 140 tu.

Mwanafunzi: Ni 160, ami. Zile 140 zilikuwa za Twitter, nao wakaziongeza hadi 280 mwaka 2017.

Mkaazi wa Mkomani: Kijana anayeshindwa kumtenganisha mume na mke ananisahihisha hesabu! Haya, 160. Hata hivyo, "OMG", yaani "Oh my God", ambayo Kamusi ya Kiingereza ya Oxford iliipokea mwaka 2011, imo katika barua ambayo amiri wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza, Lord Fisher, alimwandikia Churchill mwaka 1917. Huyo hakuwa na simu ya mkononi.

Nahodha: Amiri wa jeshi la majini ni baharia. Mwalimu, umeona?

Mwalimu mstaafu: Nimeona, na nakuomba radhi mbele ya watu wote. Lakini Mturuki na Mwindonesia nimewaelewa. Mbona Waamu wawili, mmoja wa Mkomani na mmoja wa Langoni, wamepangana kwa Kiingereza nauli za kurudi nyumbani?

Mwanafunzi: Kundi lile lina watu wa kila nchi, mwalimu. Tukiandika Kiswahili mbele yao watadhani tunawasengenya.

Mama wa watoto wanne, Langoni: Na mimi je, nimo katika kundi hilo? Mwanangu, ujumbe wako wa Idi ulikuja kwa Kiingereza, wenye vifupisho tele, na ilinibidi nimwamshe mdogo wako anisomee. Naye alifika katikati, akakwama.

Mwanafunzi: Nisamehe mama, ule niliutuma kwa watu wote kwa pamoja.

Mama wa watoto wanne: Hilo ndilo lililoniuma.