Tupeane uzoefu: Watoto waliokuwa madarasa ya chini korona ilipofunga shule 2020, mliwakwamuaje?

Mama Kulwa, Igoma

Habari za jioni ndugu zangu. Tuliolea watoto wa shule ya msingi kipindi kile, hapa Mwanza na huku kando ya ziwa, naomba tusimuliane bila kuoneana haya.

Shule zilifungwa Machi 17, zikafunguliwa Juni 29. Kwa mtoto wa darasa la sita ilikuwa likizo ndefu tu. Kwa pacha wangu, walioanza la kwanza Januari, ndiyo kwanza walikuwa wamefika ba, be, bi, bo, bu. Waliporudi, ratiba imebanwa, mwalimu anakimbizana na mada, nani ataangalia fulani kaishia wapi? Wakapanda la pili na wenzao, la tatu na wenzao. Doto akaunga silabi, akasoma. Kulwa akabaki palepale.

Tena Kulwa ni mjanja. Daftari safi, mwandiko mzuri kunishinda mimi, maana kunakili ubaoni anaweza. Jioni nikisema soma, anateremka ukurasa mzima bila kukwama. Siku moja mjomba wake akaziba picha kwa kiganja, akaweka kidole kwenye neno la katikati ya mstari: "Hapa pameandikwaje?" Kimya. Mara namwona midomo inacheza, anaanza sentensi tangu mwanzo kwa kunong'ona mpaka alifikie lile neno. Kumbe kitabu chote alikuwa amekariri kwa kumsikiliza pacha wake.

Tukarudi kwenye silabi akiwa la tatu. Sharti lake lilikuwa moja: Doto asiwepo chumbani. Sasa anasoma vizuri, ila majirani wawili wana watoto wa rika lilelile na hali ni ileile. Nyie wenzangu mlifanyaje?

Mwalimu wa KKK, Ilemela

Mama Kulwa, huyo mjomba angefaa kuwa mwalimu. Mimi nafundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, madarasa ya chini, na hicho kipimo cha kidole ndicho ninachotumia. Kingine: msomeshe mtoto mstari kutoka mwisho kurudi mwanzo. Aliyekariri atakwama neno la pili.

Tulipofungua, shuleni kwetu tuliamua kitu ambacho baadhi ya wazazi hawakukipenda. Saa moja kila siku tuliwapanga watoto kwa wanachoweza, madarasa tukayaweka pembeni. Wa la tatu asiyejua silabi anakaa na wa la kwanza. Wakubwa waliona aibu, basi tukawapa kazi ya kukata maboksi na kuandika kadi za silabi kwa ajili ya "wadogo". Mtoto anayeandika kadi ya "nya" mara ishirini ataijua tu, na wala haoni kwamba anafundishwa.

Jambo ambalo halisemwi sana ni lugha. Shule zilipofungwa wengi walipelekwa kwa bibi zao Magu, Misungwi, Kwimba. Miezi yote ile ni Kisukuma kutwa. Wakarudi Kiswahili kimepungua, na kitabu chote ni Kiswahili. Nilikuwa na kijana mmoja, ukimuuliza swali anatazama dirisha. Nikamwambia nisimulie kwa Kisukuma ulichokifanya kwa bibi. Jamani, alisimulia habari ya fisi aliyeingia zizini mpaka darasa zima likasimama! Tukaisema tena pamoja kwa Kiswahili, sentensi tano, nikaziandika ubaoni. Hicho ndicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza alichokisoma kweli.

Mkazi wa Mabatini

Wakuu, tusisingizie korona kila kitu. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 watoto walijaa, darasa la mwanangu lilizidi watoto mia kabla hata ya hicho kirusi. Hata bila kufunga shule wangapi wangejua kusoma?

Mwalimu wa KKK, Ilemela

Sikatai, mkuu. Lakini darasa la watoto mia ndimo hasa mtoto anapoweza kujificha miaka mitatu bila kujulikana. Wazazi wa mwanafunzi mtulivu hawalalamiki, na sisi walimu tunamshukuru asiyesumbua.

Dada wa Mwaloni, Kayenze

Wangu hakuwa wa la kwanza, alikuwa na miaka 11, mtoto wa marehemu dada yangu. Sisi tunaishi kwa dagaa. Mwaka ule balaa lilikuja mawili kwa pamoja, maana ziwa nalo lilijaa likaipita rekodi ya 1964, maji yakaingia mpaka tulipokuwa tunaanikia. Tukahamisha vichanja juu, kila mkono ukahitajika. Kijana akaanza kwa kusaidia, baadaye akawa analipwa. Shule zilipofunguliwa akasema haendi. Nimwambie nini, wakati ile hela ndiyo ilinunua sabuni?

Aliyemrudisha ni mwalimu wake wa hesabu. Alikuja mwaloni asubuhi, boti ndiyo zinashusha, wala hakugomba. Akajifanya mteja. "Sado tano, kila moja elfu tatu na mia tano, shilingi ngapi?" Kijana bila kutazama juu: "Kumi na saba na nusu." Mwalimu akampa kalamu aiandike kama wanavyofanya darasani. Akashindwa kabisa. Basi akamwambia, andika vile ulivyofikiri. Kijana akaandika juu ya gunia: elfu tatu mara tano, elfu kumi na tano, mia tano mara tano, elfu mbili mia tano, jumlisha. Mwalimu akacheka: "Hii ndiyo kuzidisha unayoikimbia."

Tulikubaliana hivi: siku za shule ni shule, kuanika ni Jumamosi. Kukiwa na mbalamwezi boti za dagaa hazitoki, kwa hiyo siku hizo nafasi ya kudurusu ilikuwepo. Kipindi cha giza alikuwa anasinzia darasani, siwezi kusema uongo. Ila alimaliza la saba.

Bibi wa Nansio

Hamjambo wanangu. Hapo juu mmesema kusoma tu, mimi niseme la moyo.

Mjukuu wangu wa kike aliletwa kwangu Ukerewe shule zilipofungwa, mama yake akabaki Mwanza na genge lake. Kila meli ikipiga honi anakimbilia gatini. Mama hayumo. Alirudi Mwanza Juni, lakini kila Jumatatu asubuhi tumbo. Walimpeleka zahanati kwanza, na mfanye hivyo na nyinyi, maana huku ziwani tumbo la mtoto linaweza kuwa minyoo au kichocho. Wakapima, hakuna kitu. Tumbo lilikuwa la hofu: akienda shule, akirudi atamkuta mama?

Mwalimu wa malezi hakumwita mdekaji. Alimpa kazi ya kugonga kengele ya mapumziko. Mtoto mwenye kengele hawezi kuchelewa, na saa anazijua: kengele hii, kengele ile, halafu nyumbani. Na mama yake akawa anamwambia kila asubuhi atakapokuwa, "nipo gengeni mpaka saa kumi", na kweli akawepo. Tumbo halikuisha kwa siku moja. Lilianza kuruka Jumatatu moja moja.

Baba Sabina, Buhongwa

Kwetu tulijaribu vile vipindi vya masomo vya redioni. Redio moja, watoto wanne wa madarasa tofauti, na baba mwenye nyumba anataka mpira. Nadhani aliyefaidika ni mke wangu, alikumbuka sayansi ya la tano.

Mama Kulwa, Igoma

Baba Sabina umenichekesha. Bibi, shikamoo, na asante, hilo la kengele nimelichukua. Mwalimu, swali la mwisho kwa niaba ya jirani: mtoto yuko darasa la juu sasa, mama anarudi saa moja usiku kachoka. Amsomeshe kwa muda gani?

Mwalimu wa KKK, Ilemela

Dakika kumi na tano zinatosha, ila kila siku. Aanze na silabi anazozijua, tatu mpya, kisha asome chochote kilichopo: pakiti ya unga, jina la daladala, meseji ya simu. Kaka zake wasikae hapo kumcheka. Akianza kupiga miayo, waache mpaka kesho. Na umwambie jirani ampeleke mtoto kupimwa macho kabla ya yote. Nimewahi kumhangaikia mtoto muhula mzima, kumbe ubao haoni.